Uwanja Mweupe

Fulgensi alikuwa na adui mmoja tu duniani, na adui huyo alikuwa na pembe. Watu wengine hugombana na mashemeji, wengine na serikali ya kijiji. Yeye aligombana na ng'ombe. Alikuwa mlinzi wa uwanja wa ndege ng'ambo ya Kivukoni, katika bonde la Kilombero. Uwanja wenyewe ulikuwa ukanda wa nyasi katikati ya mashamba ya mpunga, hauna ukuta wala uzio wa maana, na ng'ombe wa bonde zima walikuwa wamekubaliana, sijui katika kikao gani, kwamba nyasi tamu ni za pale tu.

Zamani kidogo ndege moja ndogo iligonga ndama pale ikitua. Hakuumia mtu, ila ndama alikwisha na ndege ikavunjika mguu. Tangu siku hiyo kila rubani hupiga simu kabla ya kuja, na swali huwa moja tu: "Fulgensi, uwanja mweupe?" Maana yake, ng'ombe hakuna? Aliyeanzisha lugha hiyo ni Kapteni Obadia, mwalimu wa urubani kutoka Morogoro, ambaye alikuwa akiwaleta wanafunzi wake wajifunze kutua kwenye nyasi. Fulgensi akiulizwa hivyo hukagua, hufukuza, hutukana kidogo, kisha hujibu: "Mweupe pe, kapteni. Karibu." Kazi yake ilikuwa hiyo, na aliifanya kwa moyo wote. Namtetea mapema kwa sababu mbele ya safari atakosa wa kumtetea.

Kati ya wenye ng'ombe, aliyemkosesha raha zaidi ni Mayunga, Msukuma aliyehamia bondeni na kundi lake miaka mingi iliyopita. Walikuwa wakirushiana maneno kila kiangazi. Fulgensi akisema Wasukuma wamezaliwa zizini, Mayunga alimjibu kwamba Mpogoro kama yeye akiona ng'ombe anakimbia kwa kuwa kwao Mahenge hawajawahi kumwona. Walicheka, lakini kila mmoja alimaanisha nusu ya alichosema.

Kisha binti wa Mayunga, Kabula, akaenda kusomea urubani, na mwalimu wake akawa huyo huyo Kapteni Obadia. Hapo vita vikapoa. Mtu hawezi kuacha ng'ombe wake wasimame mahali ambapo mwanawe atashuka na ndege. Mara ya kwanza Kabula alipokuja, amekaa pembeni ya mwalimu, Fulgensi alimpokea chini ya bawa akamwambia, "Wewe ndiye mtoto wa yule mchokozi?" Binti akacheka, akapiga goti kidogo, "Shikamoo, baba." Fulgensi na mkewe Balbina hawakujaliwa mtoto, na neno lile dogo lilimwingia kuliko alivyotaka kuonyesha.

Jioni moja ya mwezi wa saba Mayunga alifika uwanjani kwa baiskeli, amejifunga shuka mpaka shingoni.

"Bwana Ndege," alisema. "Kesho anakuja peke yake. Mwalimu anabaki Morogoro. Ni mtihani wake huo."

"Kapteni kanipigia. Najua."

"Mimi na mama yake tutakuja kumwona." Mayunga akakwaruza tope lililokauka kwenye tairi. "Mambo ya huko juu siyajui, ndugu yangu. Huko juu ana mwalimu wake. Ya chini unayajua wewe. Nakuachia ya chini."

"Ya chini niachie mimi," Fulgensi alisema, akajipiga kifua. "Ila ng'ombe zako kesho nisizione. Hata mkia."

Asubuhi ile ilikuwa na baridi ya kipupwe chenyewe. Watu wa nchi nyingine wana theluji. Sisi wa bonde la Kilombero tuna ukungu. Huinuka mtoni kabla hakujapambazuka, hutambaa juu ya mashina ya mpunga uliovunwa, na ukifika hauna haraka ya kuondoka. Fulgensi alitoka kibandani kwake amevaa koti zito la mtumba, lenye manyoya kwenye kofia, lililoshonwa kwa ajili ya wazungu wa mbali huko. Alinyoosha mkono mbele yake na vidole vyake akaviona kwa shida.

Sasa mtu mwenye kazi ya kufukuza ng'ombe afanye nini asipowaona? Alikwenda kuwatafuta kwa miguu. Alitembea uwanja mzima, huku na huku, suruali imelowa umande mpaka magotini, akisimama kila baada ya hatua chache kusikiliza. Kule mwisho, karibu na mfereji wa kumwagilia mpunga, akasikia kengele. Ng'ombe wa Mayunga! Aliita, akatukana, vijana wa Mayunga wakatokea ndani ya ule ukungu na fimbo zao, wakawatoa wale ng'ombe mmoja mmoja, na Fulgensi akasimama pale akiwapapasa migongo walivyopita ili awe na uhakika. Kisha akarudia kukagua tena, mwanzo mpaka mwisho. Nani mwingine angefanya hivyo? Alirudi kibandani anahema, mwenye furaha. Mayunga na mkewe Ester walikuwa wamefika, wanaota moto wa mabua.

Simu ikalia, Fulgensi akasogea nyuma ya kibanda ambako mtandao unashika.

"Shikamoo, baba Fulgensi."

"Marahaba, mwanangu! Mmeamkaje huko?"

"Salama kabisa. Naondoka sasa hivi. Uwanja mweupe?"

"Mweupe pe! Nimeukagua wote kwa miguu yangu, hata kwato huoni. Njoo, mwanangu. Wazazi wako hawa hapa."

Kabula alicheka. "Mwambie mama asimame mbali. Namjua, ataikimbilia ndege kabla haijasimama."

Fulgensi alikata simu, akapeleka ujumbe, Ester akajifanya amekasirika, wakacheka wote watatu.

Mtu atauliza: hivi ukungu hakuuona? Aliuona. Ulikuwa umemlowesha mpaka kope. Lakini ukungu wa kipupwe bondeni si habari. Hakuna anayempigia mwenzake simu kumwambia kuna ukungu, kama ambavyo hakuna anayepiga kusema mto una maji. Tena haukuwa kazi yake. Kwa miaka yote aliyokaa pale hakuna rubani aliyewahi kumuuliza habari za ukungu, kwa kuwa ndege zilizoea kuja jua likiwa limeshapanda; asubuhi ile ndiyo ya kwanza mtu kuja mapema hivyo. Ng'ombe wako chini, ukungu uko juu, na ya juu yana wenyewe. Huko Morogoro anga ilikuwa ya buluu, na binti wa watu akauliza swali kama mwalimu wake alivyomfundisha kuuliza. Akajibiwa kweli tupu. Hicho ndicho kinachonikera katika habari hii kila ninapoifikiria, kwamba hakuna aliyesema uongo.

Walianza kusikia injini moto wa mabua ukiwa umeshakuwa majivu. Sauti ilitoka upande wa milimani, ikaja juu yao, ikapita. Mayunga aliinua mikono yote miwili akapunga. Ester akapiga vigelegele. Ndege haikuonekana. Sauti ikaenda mbali, ikageuka, ikarudi, ikapita tena, chini zaidi.

"Mbona hashuki?" Ester aliuliza.

Hapo ndipo lilipomwingia Fulgensi. Alitazama juu, akaona weupe. Akatazama uwanja aliokuwa ameukagua kwa miguu yake, akaona weupe ule ule. Alichukua simu akapiga. Ikaita, ikaita, haikupokelewa. Akapiga tena. Kisha akaanza kukimbia katikati ya uwanja anapiga kelele, "Rudi! Rudi, mama, usishuke!" kama mtu anayefukuza ng'ombe, na sauti yake haikufika popote.

Upande wa kule mwanzo wa uwanja ukungu ulikuwa umeanza kupasuka kidogo. Huenda Kabula aliliona tundu lile kutoka juu, na kipande cha nyasi ndani yake, akaona kinatosha. Lakini aliposhuka alikuwa ameshalipita. Fulgensi aliona tumbo la ndege likitoka kwenye ukungu karibu kabisa na kichwa chake, akajitupa chini. Magurudumu yaligusa nyasi zaidi ya nusu ya uwanja ikiwa imeshabaki nyuma. Angekuwa na nyasi kavu labda angesimama. Lakini umande wa kipupwe unateleza kama sabuni, na breki zilipokamata, magurudumu yaliacha kuzunguka na ndege ikaendelea kwenda. Ilikwenda vilevile, imenyooka, mpaka kwenye mfereji. Pua ikazama, mkia ukainuka taratibu, ukasimama kidogo kana kwamba unafikiria, ukaangukia upande wa pili.

Walipofika, ndege ilikuwa imelala chali ndani ya mfereji na harufu ya petroli imetanda. Kabula alikuwa ananing'inia kwenye mkanda, miguu juu, kichwa ndani ya maji ya tope. Fulgensi aliingia na koti lake zito, akapiga magoti, akamshika kichwa akakiinua juu ya maji na kukishikilia. Mayunga aliukata mkanda kwa kisu chake cha kuchunia ngozi. Mzee yule, aliyechinja madume makubwa bila kujikwaruza, alijikata kidole. Walimtoa. Alikuwa anapumua. Damu ilikuwa inamtoka sikioni.

"Ni mzima," Ester alisema. "Ni mzima, si anapumua? Baba Kabula, anapumua."

Pikapu ya mashine ya kukoboa mpunga iliwavusha darajani mpaka hospitali ya Ifakara. Njia nzima Fulgensi alikuwa amempakata kichwa kile mapajani ili kisitikisike, akimwomba Mama Maria kwa Kipogoro, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa kimemkimbia.

Hospitalini waliambiwa wasubiri. Mayunga alilivua shuka lake akamfunika Fulgensi, ambaye alikuwa anatetemeka kwa maji na baridi. Kila ndugu aliyefika, Mayunga alimwonyesha yule mlinzi. "Huyu ndiye aliyemtoa majini. Bila huyu angekwisha pale pale." Ndugu walimshika mikono, wanawake wakapiga magoti. Fulgensi aliitikia kwa kichwa. Kila asante ilimchoma.

Kapteni Obadia alifika mchana, macho mekundu. Alimchukua Fulgensi kando, kwenye bomba ambapo watu wanaouguza wanafulia.

"Ulimwambia nini?"

"Mweupe."

"Na ukungu?"

"Hakuuliza ukungu, kapteni. Hata wewe hujawahi kuniuliza ukungu."

Obadia alifungua bomba, akanawa uso, akabaki ameinama. "Mimi ndiye niliyewafundisha," alisema. "Nilimwambia kwa mdomo wangu, Fulgensi akisema mweupe, hapo hakuna shaka." Kisha akasimama wima, na sauti yake ikabadilika. "Lakini alikuwa na mafuta ya kumrudisha. Alipouona ukungu kutoka juu ilikuwa ageuze. Mwanafunzi yeyote anajua. Kwa nini hakugeuza?"

Fulgensi alijua kwa nini, na alijua kwamba Obadia pia anajua. Hageuzi mtu aliyeambiwa na mtu anayemwita baba kwamba chini ni kweupe na mama yake anamngoja.

"Sikiliza, mzee wangu," Obadia alisema polepole. "Watakuja wachunguzi. Waseme wao: nyasi zilikuwa na maji, mwanafunzi alichelewa kugusa. Ni kweli, sivyo? Wale wazazi wanakuona wewe kama malaika. Waachie hata hicho. Ukiwaambia, utakuwa umemponya nani?"

Lilikuwa neno la huruma, na lilikuwa neno la mtu anayejiokoa. Fulgensi hakuwa na nguvu ya kulipima. Aliinamisha kichwa, na Obadia akaichukua hiyo kuwa ndiyo.

Kabula alikufa jioni ile, bila kufungua macho.

Walimzika nyumbani kwao, ng'ambo, jirani na mashamba. Ndugu walikuja kwa treni kutoka Mlimba, wengine kwa pikipiki kutoka Chita. Fulgensi alichimba kaburi pamoja na vijana, na hakukubali kupokewa jembe. Balbina alimtazama mumewe akisukuma sahani ya wali pembeni, akamnong'oneza, "Kuna kitu kinakutafuna. Kitoe, baba, kabla hakijakumaliza." Akamjibu kwamba ni uchovu. Mbele ya watu wote Mayunga alisimama akasema kwamba amempoteza mtoto lakini amepata ndugu, na kuanzia leo atakayemgusa mlinzi wa uwanja amemgusa yeye. Watu wakaitikia kwamba amesema vizuri. Obadia alikuwepo, anatazama viatu vyake.

Msiba ulipoanza kupungua watu, Mayunga alimtumia Fulgensi ujumbe aende kwake. Fulgensi alikwenda na baiskeli yake. Alimkuta Mayunga amesimama mlangoni mwa zizi, na Ester ameketi kwenye kigoda karibu naye, kanga kichwani. Kule kwenye turubai wazee kadhaa walikuwa bado wanazungumza.

"Chagua," Mayunga alisema, akionyesha ng'ombe. "Mtamba mmoja, unayemtaka. Najua huwapendi, lakini ndicho tulicho nacho. Mtu aliyeniinulia mtoto wangu kichwa nje ya maji siwezi kumwacha aende mikono mitupu."

Fulgensi alitazama ile migongo. Aliitambua karibu yote.

"Mzee mwenzangu, siwezi."

"Usinidharau, Fulgensi."

"Sikudharau."

Ester aliinua uso. "Mwache kwanza, baba Kabula. Mimi nina jambo langu nataka kumuuliza." Alimgeukia Fulgensi, na macho yake yalikuwa makavu, yamechoka. "Wewe ndiye uliyeongea naye mwisho. Mimi sikumsikia. Nilikuwa pale pale, naota moto, na sikuomba hata simu nimsikie. Niambie alivyosema. Yote. Usiache hata neno."

Hapa Obadia angesema nini, sijui. Fulgensi alikuwa ameweza kunyamaza mbele ya asante, na mbele ya kaburi, na mbele ya mke wake. Lakini mama alikuwa haombi hesabu ya kosa la mtu. Alikuwa anaomba maneno ya mtoto wake, na maneno yale yalikuwa mali yake.

"Alinisalimia," alisema. "Shikamoo, baba Fulgensi. Nikamuuliza mmeamkaje, akasema salama kabisa. Alikuwa na furaha. Akasema wewe usimame mbali, anakujua."

Ester alitabasamu, na machozi yakaanza. "Hilo uliniambia. Na kabla yake?"

"Kabla yake aliniuliza kama aje."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia aje."

Mkono wa Mayunga ulikuwa juu ya mti wa mlango wa zizi. Ulibaki pale pale. Ng'ombe walikuwa wanatafuna.

"Ukungu ule uliotufunika sote ulikuwa umeshaingia wakati ule?" aliuliza Mayunga.

"Ulikuwa umeshaingia."

"Ulimwambia?"

"Hapana."

"Ng'ombe zangu uliziona lakini."

"Niliziona."

"Katika ukungu ule."

"Nilizitafuta kwa miguu, ndugu yangu. Nilizitoa zote." Fulgensi alisikia sauti yake ikipanda, na akachukia kwamba ndani yake bado kulikuwa na kidogo cha fahari ya kazi iliyofanyika vizuri. "Niliulizwa uwanja. Nikajibu uwanja. Ukungu sikuuhesabu. Nisamehe. Nisameheni nyote wawili."

Ester alivuta kanga yake ikafunika uso wote, akaanza kulia kwa sauti ya chini, sauti mpya, ambayo hakuwa ameilia hata siku ya kuzika. Mayunga alimtazama Fulgensi muda mrefu. Ingekuwa afadhali kama angempiga. Fimbo ilikuwa pale pale, imeegemea mti. Alifunga mlango wa zizi, akapitisha gogo la kuuzuia, akalijaribu kama limekaa sawasawa. Kisha akageuka kuelekea kwa vijana wake na kusema kwa utulivu, kwa adabu zote za mwenye nyumba:

"Mleteeni mzee baiskeli yake."

Fulgensi aliikokota baiskeli kuelekea njiani. Kwenye njia panda ya kuingia nyumbani kwa Mayunga alikutana na kundi la watu, wamefika kwa kuchelewa kutoka Usukumani, mabegi kichwani, nyuso zimejaa vumbi la safari. Kijana wa kijijini aliyewaongoza alimtambua kwa koti. "Ndiye huyu," akawaambia. "Ndiye aliyemtoa mtoto majini." Wakatua mizigo chini. Mama mtu mzima alikuja wa kwanza, akaushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili, akainama. "Asante, baba yetu. Mungu akulipe." Kisha wengine wakafuata. Nyuma yao, uani, kilio cha Ester kilikuwa kinasikika, na wao wakadhani ni kilio kile cha kawaida cha msiba.

Fulgensi aliwaacha wamshike mkono, mmoja baada ya mwingine, mpaka walipokwisha.